Kutoka Nembo ya Mwili hadi Nembo ya Taifa: Historia ya Alama za Ngozi kwa Wamakonde na Ujio wa Tatuu

1.0 Utangulizi

Mtu anayeishika pasi ya kusafiria ya Tanzania huona kwenye jalada lake Nembo ya Taifa: ngao, pembe mbili za ndovu, mwanamume na mwanamke waliozishika, mlima Kilimanjaro chini ya miguu yao, na maneno Uhuru na Umoja. Watu wengi huiita Bibi na Bwana. Wachache hukumbuka kwamba neno nembo lilikuwa na kazi nyingine kabla ya kupewa hiyo. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson ilieleza nembo kuwa alama ya kabila, yaani alama inayochanjwa kwenye ngozi. Katika Kimakonde, neno dinembo ni jina la michoro ya makovu iliyochanjwa usoni, kifuani, tumboni na mgongoni. Neno lililotaja ngozi ya mtu sasa hutaja muhuri wa dola, chapa ya kampuni na beji ya klabu ya mpira.

Safari ya neno hili si ya pekee. Kitenzi kuchanja, kilichomaanisha kukata ngozi mkato mdogomdogo, kimezaa nomino chanjo, ambayo leo humpeleka msikilizaji moja kwa moja kliniki. Neno chale limebaki zaidi kwa mganga wa jadi. Na kwa mchoro wa ngozi unaochorwa kwa sindano mjini, wasemaji wa Kiswahili wametohoa neno jipya: tatuu. Kazi iliyokuwa moja, ya kuikata ngozi na kuacha alama ya kudumu, imegawanywa kati ya dola, hospitali, mganga na soko la burudani, na kila mmoja amepewa neno lake.

Insha hii inachunguza mgawanyo huo kwa kutumia historia ya Wamakonde wa pande mbili za mto Ruvuma. Hoja yake kuu ni kwamba katika karne ya 20 tabia ya kutia alama mwilini haikukoma. Kilichohama ni mamlaka ya kuitia, yaani haki ya kuamua nani atiwe alama, na nani, kwa sababu gani. Hoja hii ina uzito kwa sababu mjadala wa sasa kuhusu tatuu huendeshwa mara nyingi kwa madai kwamba ngozi isiyo na alama ndiyo desturi ya Kiafrika na kwamba alama ni uigaji wa mambo ya kigeni. Madai hayo hayawezi kusimama mbele ya uso wa bibi wa Kimakonde.

Ushahidi unaotumika ni wa aina nne: kamusi, maandishi na picha za watafiti, hasa Karl Weule aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, na Jorge Dias na Margot Dias waliofanya utafiti kwa Wamakonde wa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950, vinyago na barakoa, na matangazo ya ajira ya vyombo vya dola. Ushahidi wa maandishi una kasoro inayopaswa kutajwa mapema. Sehemu kubwa yake iliandikwa na wageni waliomtazama Mmakonde wakiwa na kamera mkononi na utawala wa kikoloni nyuma yao. Kwa hiyo vinyago, ambavyo ni maelezo ya Wamakonde wenyewe kuhusu nyuso zao, vinapewa hapa uzito sawa na vitabu.

2.0 Kuchanjwa Nembo

Wamakonde walijenga makazi yao kwenye nyanda za juu zilizo kusini na kaskazini mwa Ruvuma, yaani Mueda upande wa Msumbiji na Newala upande wa Tanzania. Ni nyanda zenye vichaka vizito na uhaba mkubwa wa maji. Katika karne ya 19, misafara ya watumwa ilipoelekea bandari za Kilwa, Lindi, Mikindani na Ibo, ugumu huo wa ardhi ulikuwa kinga. Katika jamii hiyo iliyofuata ukoo wa upande wa mama, mwili wa mtu mzima ulikuwa umetengenezwa: meno yaliyochongwa, ndonya katika mdomo wa juu wa mwanamke, na nembo kwenye ngozi ya wanaume na wanawake.

Nembo ilichanjwa na fundi. Hakuwa mtu yeyote mwenye kisu; alikuwa mtu anayejulikana kwa kazi hiyo na aliyelipwa kwa ajili yake. Kwa kawaida kazi ilianza mtoto alipokaribia au alipofikia balehe, katika kipindi kilekile cha maisha ambacho jando na unyago vilimtoa utotoni. Anayechanjwa alilazwa chini. Fundi alikata ngozi kwa kisu kidogo, mkato baada ya mkato, akifuata mpangilio wa pembe zilizopangana, mistari ya kwenda na kurudi kama meno ya msumeno, miraba iliyosimamishwa kwenye pembe zake, na nukta. Kisha alipaka unga wa mkaa, hasa wa mbarika, ndani ya mikato iliyokuwa bado inatoka damu. Mkaa ulibaki chini ya ngozi na kuipa alama rangi nyeusi inayoelekea buluu, wakati kidonda chenyewe kilipona kwa kuinuka. Nembo ilikuwa rangi na kovu kwa pamoja. Iliweza kuonekana kwa jicho na kusomwa kwa kidole.

Kazi haikumalizika kwa siku moja. Ili makovu yainuke na rangi ikolee, mahali palepale palichanjwa tena baada ya kupona. Hivyo aliyerudi kwa fundi mara ya pili alirudi akiyajua maumivu anayoyafuata, na hapo ndipo maana ya ujasiri inapopatikana. Maumivu ya mara ya kwanza yanaweza kuvumiliwa kwa kutojua. Ya mara ya pili na ya tatu huvumiliwa kwa kukusudia. Uso uliokamilika ulikuwa ushahidi kwamba mwenye uso huo alirudi.

Maelezo yanayosikika sana kuhusu asili ya ndonya na nembo ni kwamba Wamakonde walijiharibu ili wasinunuliwe na wafanyabiashara wa watumwa. Maelezo haya yana mvuto kwa sababu yanaifanya desturi iwe jibu la dhuluma. Hata hivyo, yanapingwa na vinyago. Mchongaji wa Kimakonde aliyetaka kuonyesha mwanamke mwenye heshima alimchonga akiwa na ndonya na nembo, kwa makini na bila kejeli. Jamii inayokiona kitu kuwa ubaya wa kujikinga haikichongi kama uzuri, kizazi hadi kizazi. Aidha, baadhi ya nembo za wanawake zilichanjwa tumboni, kiunoni na mapajani, mahali ambapo mnunuzi wa mtumwa hakuwa wa kwanza kulengwa. Ni salama zaidi kusema kwamba nembo ilikuwa urembo, uthibitisho wa utu uzima na kiungo cha mtu na watu wake kwa wakati mmoja.

3.0 Mpaka, Kodi na Uso Unaosomwa na Mwingine

Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuhusu mpaka wa Ruvuma, na watu wenye nembo zinazofanana wakawa raia wa himaya mbili. Weule alipofika kusini mwa koloni la Ujerumani mwaka 1906, aliziona nembo na ndonya kama vitu vya kukusanywa: alipiga picha, akarekodi sauti, akabeba vifaa na kuvipeleka katika jumba la makumbusho la Leipzig. Safari yake ilifanyika Vita vya Majimaji vikiwa havijamalizika kabisa. Ni vigumu kuitenga picha ya uso wa mwanamke wa Newala na mazingira hayo. Aliyepigwa picha hakuwa na uhuru uleule aliokuwa nao alipojilaza mbele ya fundi wa nembo.

Upande wa Ureno, nyanda za Mueda zilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwisho kutiishwa, katika kipindi cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Eneo lote la kaskazini lilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Nyassa hadi mwaka 1929. Kodi, kazi ya shuruti na baadaye kilimo cha lazima cha pamba viliwasukuma Wamakonde wengi kuvuka Ruvuma kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na wengine wakafika hadi pwani ya Kenya.

Uhamaji huo ulibadilisha kazi ya nembo. Nyumbani, nembo ilisomwa na watu waliojua kuisoma: waliona ujasiri, uzuri, na mkono wa fundi fulani. Kwenye kambi ya mkonge na baadaye katika mitaa ya Dar es Salaam, ilisomwa na watu wasiojua herufi zake. Walichoona ni neno moja tu: mgeni. Wamakonde wa Msumbiji waliitwa Wamawia, jina ambalo wao wenyewe hawakulipenda, na lililofuatana na sifa za ukali na ushamba. Nembo ileile iliyomwingiza mtu katika jamii yake ikawa ndiyo inayomtoa katika jamii nyingine.

Wakati huohuo serikali za kikoloni zilikuwa zinatengeneza njia zao za kuutambua mwili. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya vita iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Alama ya kidole ina sifa muhimu kwa watawala: mwenye nayo hawezi kuisoma, na haimwambii jirani yake chochote. Humwambia karani peke yake. Ni kinyume kamili cha nembo. Hapa ndipo hatua ya kwanza ya kuhama kwa mamlaka inapoonekana: utambulisho unatoka usoni, ambapo jamii iliusoma, na kuingia katika faili, ambalo serikali pekee hulifungua.

4.0 Misheni, Ukombozi na Utamaduni wa Taifa

Wamisionari hawakuwa na msimamo mmoja kuhusu mila za mwili. Mfano unaojulikana zaidi kusini mwa Tanganyika ni wa Vincent Lucas, askofu wa Masasi wa misheni ya UMCA kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, aliyejaribu kuliingiza jando ndani ya Ukristo badala ya kulipiga marufuku. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kilichochaguliwa. Tohara, mafunzo na sherehe viliweza kupewa sala na kubaki. Nembo haikupata nafasi kama hiyo katika jando la Kikristo. Mwanafunzi wa shule ya misheni alijifunza kwamba mtu aliyeendelea hutambulika kwa nguo, kalamu na jina la ubatizo. Kwa upande wa Waislamu, ambao waliongezeka sana miongoni mwa Wamakonde wa Tanganyika, mafundisho ya dini yalikataza michoro ya kudumu ya ngozi, huku pwani ikitoa mbadala unaoruhusiwa: hina na piko, ambavyo humpamba bibi harusi na kufifia baada ya muda. Dini mbili zilizotofautiana katika mengi zilikutana katika jambo hili moja.

Upande wa Msumbiji nembo ilidumu zaidi, na ilikabiliwa na nguvu nyingine. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. Miaka miwili baadaye FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam kwa kuunganisha vyama vitatu, kimojawapo kikiwa MANU, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa wahamiaji wa Kimakonde. Vita vya silaha vilianza Septemba 1964 katika jimbo la Cabo Delgado, na nyanda za Wamakonde zikawa moyo wa mapambano. Lakini FRELIMO ilipigania taifa, na iliuona ukabila kuwa silaha ya adui. Jando, uganga, utawala wa machifu na alama za kikabila viliwekwa katika fungu moja la mambo ya zamani yanayogawa watu. Katika mazingira hayo, kumchanja mtoto uso ilikuwa kumwandikia kabila mahali ambapo chama kilitaka kuandika taifa. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 kizazi kipya kilikua na nyuso laini, na waliobaki na nembo wakawa wazee.

Tanzania haikuhitaji kampeni ya namna hiyo dhidi ya nembo, kwa kuwa nyumbani kwao zilikuwa tayari zimepungua. Hata hivyo serikali yake ilidai mamlaka juu ya mwonekano wa raia. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962 kwa lengo la kurudisha heshima ya mila. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua, na mwaka huohuo serikali iliwashinikiza Wamaasai kuacha mavazi yao ya asili. Hatua hizi mbili zinaonekana kupingana: moja inakemea ugeni, nyingine inakemea jadi. Zinapatana katika kitu kimoja, nacho ni kwamba mwili wa raia ulipaswa kuwa ukurasa ambao taifa pekee lingeandika juu yake. Utamaduni uliokubalika ulikuwa ule unaoweza kuvaliwa jukwaani na kuvuliwa baada ya onyesho. Ngoma iliweza kuvuliwa. Nembo haikuweza.

Katika kipindi hichohicho cha uhuru, neno nembo lilipata makao mapya kwenye ngao ya taifa. Haidaiwi hapa kwamba kuna aliyekusudia kubadilishana huko. Ila mabadiliko ya maana ya neno yalifuata mabadiliko ya madaraka. Alama iliyotangaza mtu ni wa nani ilihama kutoka shavuni kwenda kwenye karatasi, na sheria ikawekwa kuzuia watu binafsi kuitumia bila kibali.

5.0 Chanjo na Chale

Dola haikuiacha ngozi bila alama. Kampeni ya kutokomeza ndui, iliyoimarishwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 1967, ilitumia sindano ya ncha mbili iliyodungwa mara kadhaa mahali pamoja, na kuacha kovu la mviringo mkononi. Wakaguzi waliopita vijijini walipima mafanikio kwa kuhesabu makovu hayo: mwenye kovu amekingwa, asiye nalo bado. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kawaida duniani alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ugonjwa ulitangazwa kuwa umetokomezwa. Chanjo ya kifua kikuu nayo imewaachia mamilioni ya Waafrika Mashariki kovu dogo mkononi, ambalo hakuna anayeliita ushamba.

Mfano huu unatoa kipimo kizuri cha hoja kuu. Kwa mtazamo wa ngozi, nembo na chanjo ni jambo moja: mkato, kitu kinachoingizwa, kidonda, kovu la kudumu, na mtu mwingine anayeweza kulisoma. Tofauti ni mamlaka. Ndiyo maana lugha ilihamisha kitenzi kuchanja kutoka kwa fundi hadi kwa muuguzi bila kukibadilisha hata herufi.

Ugonjwa wa UKIMWI ulipobainika Tanzania mwaka 1983, mkoani Kagera, uhusiano wa watu na wembe ulibadilika tena. Elimu ya afya ilionya dhidi ya kushirikiana nyembe kwenye tohara, kwenye kutoga na kwenye chale za mganga. Onyo hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa damu ya mtu mmoja haipaswi kufika katika kidonda cha mwingine, iwe kwa kisu cha fundi au kwa sindano ya mashine. Lakini lilikuwa na matokeo mengine: mkono wa fundi wa jadi, ambao hapo awali uliitwa wa kishamba, sasa uliitwa wa hatari.

6.0 Nembo Zinabaki Kwenye Mti

Nembo zilipokuwa zikiondoka usoni zilikuwa zikiongezeka kwenye mti. Barakoa ya lipiko, inayovaliwa kichwani kama kofia katika ngoma ya mapiko, ni uso kamili: nywele za binadamu hubandikwa, na nembo huchongwa au hutengenezwa kwa nta ya nyuki ili zisimame kama makovu halisi. Mchongaji aliijua nembo kwa kina kuliko mpiga picha, kwa sababu ilimlazimu kufuata njia ileile iliyofuatwa na fundi wa ngozi.

Dar es Salaam ya miaka ya 1950, wachongaji wahamiaji walipata soko kupitia wafanyabiashara kama Mohamed Peera. Humo ndimo mitindo mipya ilipozaliwa: shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa, na ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Sanaa hii ikawa fahari ya taifa na zawadi kwa wageni wa serikali. Hapo pana kinaya kisichoweza kupuuzwa. Taifa lililofurahia kumpa mgeni sanamu ya bibi mwenye nembo halikuwa na nafasi ya msichana mwenye nembo.

Thamani ya nembo za mti ilidhihirika kwa namna ya kusikitisha mwaka 1984, barakoa ya Kimakonde ilipoibwa katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mazungumzo ya kuirejesha yalichukua miaka mingi, na ilikabidhiwa kwa Tanzania mwezi Mei 2010. Robo karne ilitumika kuupata uso mmoja wa mti. Katika muda huohuo, nyuso za watu zilizobeba nembo za aina hiyo zilizikwa mmoja baada ya mwingine, bila mkataba wala hafla.

7.0 Tatuu na Utamaduni Pendwa

Tatuu ya mjini haikutokana na nembo. Jina lake lina asili ya Polinesia na liliingia katika lugha za Ulaya kutokana na safari za James Cook, aliyefika Tahiti mwaka 1769. Chombo chake kina asili ya New York, ambako Samuel O'Reilly alipewa hataza ya mashine ya umeme ya kuchora ngozi mwaka 1891, akijenga juu ya kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Ilifika kwa vijana wa Afrika Mashariki kupitia picha: kaseti za video, majarida, fulana, na baadaye simu. Katika miaka ya 1990 Tupac Shakur alikuwa kwenye fulana, kwenye mabodi ya daladala na matatu, na kwenye kuta za vibanda vya vinyozi. Brad Weiss, aliyechunguza vinyozi vya Arusha wa kipindi hicho, ameonyesha jinsi kuta hizo zilivyokuwa mahali pa vijana kujipatia nafasi duniani. Tumbo la Tupac lilikuwa na maandishi makubwa, na kijana aliyevaa fulana yake aliivaa ngozi iliyochorwa kabla hajachora yake. Wasanii wa Bongo Fleva na wachezaji wa mpira waliofuata waliifanya tatuu kuwa sehemu ya kawaida ya video na uwanja.

Anayechorwa tatuu leo huchagua picha, mara nyingi kutoka kwenye simu. Mchoraji hunyoa mahali pa kuchora, husafisha, na huhamisha mchoro kwa karatasi. Sindano huingia na kutoka makumi ya mara kwa sekunde na kuacha wino milimita moja au mbili ndani, ambako seli za kinga za mwili huushika na kuubakiza. Ngozi huvimba, hutoa majimaji, huunda gamba na kupona baada ya wiki kadhaa. Mkaa wa mbarika ulifuata kanuni hiyohiyo. Tofauti haiko katika biolojia. Aliyechanjwa nembo hakuchagua mchoro peke yake, na hakuhitaji kumweleza mtu yeyote maana yake alipoamka. Anayechorwa tatuu huchagua peke yake, hulipa, na hurudi nyumbani kwenye mtihani wa kujieleza kwa mama, kwa shehe au padri, kwa mwajiri. Jina la mpenzi, jina la mtoto au la mzazi aliyefariki huandikwa mkononi na mtu anayetafuta kitu kilekile ambacho nembo ilikitoa, yaani uhusiano usiofutika. Lakini uhusiano huo hauna mashahidi zaidi ya yeye na mchoraji.

Dola nayo imejibu. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi na ya Idara ya Uhamiaji ya Tanzania yamekuwa yakiweka sharti kwamba mwombaji asiwe na alama ya kuchorwa mwilini. Sharti hilo huonekana la kinidhamu tu. Likisomwa pamoja na historia iliyotangulia, lina maana pana zaidi: anayetaka kuvaa sare ya taifa huletwa mbele yake akiwa na ngozi ambayo hakuna mwingine aliyeiandika.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba nembo, chanjo, chale na tatuu ni vipande vya historia moja. Ukoloni uliuhamishia utambulisho kwenye faili. Dini ziliiondoa nembo katika orodha ya mila zinazoweza kutakaswa. Harakati za ukombozi na ujenzi wa taifa ziliifanya ionekane kuwa mgawanyiko. Afya ya umma ilichukua kitenzi chake. Sanaa ilihifadhi umbo lake. Na soko la burudani likaja na alama nyingine kwa jina jingine. Katika hatua zote hizo, watu hawakuacha kubeba alama. Walibadilishiwa wa kuwatia alama.

Gharama ya mabadiliko hayo inaonekana wazi kwa Wamakonde wa Kenya. Wazazi na babu zao walifika kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, na vizazi vyao vikaishi Kwale bila uraia wa nchi yoyote. Mwezi Oktoba 2016 walitembea kuelekea Nairobi kudai kutambuliwa, na rais akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kuisha. Baadhi ya wazee wao walikuwa bado na nembo usoni. Alama hizo zilieleza asili yao kwa uhakika ambao hakuna karani angeuongeza, lakini hazikuweza kuwafungulia akaunti ya benki wala kumsajili mjukuu kwa mtihani. Kadi iliyoweza kufanya hivyo ilibeba alama ya vidole vyao na nembo ya taifa.

Kwa watafiti, hitaji la haraka ni kuandika kwa idhini na kwa majina ya Kimakonde yale ambayo wazee waliobaki wanaweza kuyasoma kwenye ngozi zao: jina la kila mchoro, mahali pake, na mpangilio wa kuchanja. Kwa mjadala wa umma, hitaji ni dogo zaidi lakini gumu zaidi. Kijana mwenye tatuu anaweza kukosolewa kwa sababu za afya, za dini au za busara, na kila moja ina hoja zake. Akiambiwa kwamba mababu zake hawakuandika juu ya ngozi, anaambiwa jambo ambalo historia ya Ruvuma inalikanusha.